Oili Iliyoungua

Fundi Shomvi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakinusa, kisha akampa Mzee Kibwana naye anuse. Oili ilinuka kama maharage yaliyoungua. Ndiyo maana pikapu ilikuwa ikishtukashtuka kila ilipobadili gia.

"Basi imwage, utie mpya."

"Nikiimwaga, mzee wangu, gari halitoki hapa. Uchafu huu ndio unaozishika gia zilizolika. Nenda nayo hivyo hivyo mpaka igome yenyewe."

Ndani ya gari, mkewe aliyekuwa akipelekwa hospitali kusafishwa damu aliuliza, "Kasemaje fundi?"

Kibwana alikirudisha kijiti taratibu, kama amfunikaye aliyelala.

"Kasema twende tu."

Pikapu ikashtuka, ikasita, ikashika. Mbele yao kilima cha hospitali kilikuwa kinaanza.