Pini za Mgongoni

Kifafa kilipomwachia, fundi cherehani alijikuta sakafuni, povu mdomoni. Wateja wake walikuwa wamejibanza ukutani kama kuku walioona mwewe. Hakuna hata mmoja aliyemgusa.

Wifi yake, aliyekuwa akipimwa gauni, alisimama katikati ya chumba mikono juu. Pini zilimjaa mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni. Akikohoa tu, zinamchoma.

"Nivueni hili gauni!" alilia. "Kanishika kwa vidole vyake vile!"

Wateja wakavitazama vidole vya fundi, na vinundu vilivyotapakaa hadi kwenye viwiko, wakazidi kurudi nyuma. Mgongo ulioshikwa na fundi, nani angethubutu kuugusa?

Vinundu na kifafa vilitokana na ugonjwa mmoja, wa kuzaliwa nao, usioambukiza. Daktari alishamweleza wifi huyu huyu, ana kwa ana. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Fundi akajifuta povu, akajikokota hadi kitini.

"Wifi yangu kipenzi," sauti ya mwenye gauni ikalainika ghafla, "njoo basi unichomolee hizi pini."

Fundi akaegemea kiti, akafumba macho.

"Kwa vidole vipi, wifi?"