Makopo Yasiyo na Herufi

Mzee wa Stoo, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha bia, aliligeuza kopo, akakitazama kitako chake, akacheka mpaka akakohoa.

Makopo hakupendezwa. Ndilo jina walilompa mtaani: Makopo, fundi cherehani mwenye ukuta mzima wa makopo matupu ya bia na asiyeijua hata ladha ya bia yenyewe. Kuchekwa alishazoea. Lakini haya saba aliyoyaleta kwenye furushi hayakuwa ya kuchekwa. Haya alitumiwa na baba yake.

"Unacheka nini, mzee?"

"Nakucheka wewe, mwanangu. Umesema haya ni ya mwanzo?"

"Ya mwanzo kabisa."

Akamweleza, maana hilo alilijua kuliko mshono wa koti. Kiwanda cha bia, enzi hizo kikiwa bado hai hapa mjini, kilikuwa na kopo lake kwa kila kanda. La bandarini lilichorwa nanga, la migodini sururu, la kaskazini daraja. Tena kila kopo liligongwa kitakoni herufi ya kanda linakokwenda. Isipokuwa haya saba. Kwa hiyo, kwa hesabu za Makopo, haya yalipelekwa mikoani na magari ya kwanza, kabla herufi hazijaanza kugongwa. Na baba yake, dereva wa lori, alikuwepo huko yalipofika.

Baba alitoweka Makopo akiwa na miaka minne. "Ameenda kutafuta kazi," Mama alisema, akambeba mwanawe wakahamia mji huu, wasikojulikana na mtu. Ikawa kila baada ya muda Mama anarudi nyumbani na kopo mkononi. "Baba yako kakutumia. Yuko bandarini sasa." Mara yuko migodini. Mara kaskazini. Kisha makopo yakakoma, na Mama akatia pamba masikioni. Ukimuuliza habari za baba, ghafla anakumbuka sufuria jikoni. Na kijana alipokua akataka naye awe dereva, lo! Mama alilia, akasusa chakula, mpaka kijana akakubali cherehani.

Basi kila akipata nauli, Makopo alitia kopo moja kwenye begi akaifuata kanda yake, akiuliza baa kwa baa: nani alileta bia hapa mwanzoni? Dereva gani? Mkewe alivumilia, akavumilia tena, mwisho akafunga virago. "Bora ungemuoa huyo baba yako," alimwambia mlangoni. Iliuma, lakini hakuacha. Alitaka mtu wa kumwamkia shikamoo, au basi hata kaburi.

"Sikiliza," Mzee wa Stoo alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Herufi ziligongwa tangu siku ya kwanza. Nilizigonga mimi, kwa mkono huu. Kopo lisilo na herufi halikutoka getini. Haya ni ya kuonjea. Meneja alikuwa anayafungua ofisini, anaonja na wageni wake, matupu natupa mimi."

"Sasa mimi yalinifikiaje?"

Mzee akajikuna kidevu. "Labda yule mama aliyekuwa akifua nguo za meneja. Alikuwa akiniomba mojamoja, ya mtoto wake. Tena mchaguzi huyo! 'Leo nipe la nanga.' Ukimpa la daraja, hataki. 'Hilo bado,' anasema."

Makopo akaanza kuyarudisha makopo kwenye furushi. Mama yake alimlea kwa kufua nguo za watu. Nguo za nani, hakuwahi kuuliza.

Alirudi kwa miguu, furushi likigongagonga mguuni. Njia nzima wazo moja lilimsumbua. Alilifukuza, likarudi. Mwanamke hahami mji na kumtungia mumewe safari miaka yote hiyo bila sababu.

Alimkuta Mama chumbani anakunja shuka. Akayamwaga makopo kitandani.

"Hakunitumia."

Mikono ya Mama ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Aliyekuwa akikupa. Mama, baba yuko wapi? Alikukimbia? Ulimfukuza? Au uli..."

"Malizia," Mama alisema. "Au nilimuua?"

Makopo aliinama. Aliona aibu, na aliogopa jibu.

"Basi shika hilohilo, mwanangu," Mama alisema taratibu. "Kama litakutuliza, shika hilo. Mimi niko radhi."

"Sitaki uwe radhi! Nataka kujua! Nimezunguka nchi nzima kama mwendawazimu, watu wananicheka, mke kaniacha, na wewe umekaa hapa unakunja mashuka! Leo sitoki mpaka uniambie."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Alionekana amezeeka palepale. Akamtazama mwanawe, mtu mzima mwenye mvi zake, bado amesimama anahema.

"Unamkumbuka hata kidogo?" aliuliza.

"Kidogo. Nipo kwenye kiti cha dereva, nimeshika usukani, naunguruma kama gari. Yeye anapiga mluzi. Ule mluzi nausikia mpaka leo, Mama. Lakini yeye mwenyewe simwoni."

"Usingemwona," Mama alisema, akamvuta akae, akaishika mikono yake yote miwili. "Alikuwa chini ya lori, anakaza nati. Lori lilikuwa mteremkoni, mwanangu, na breki ya mkono uliiachia wewe."