Dada Yumo Koponi

Siku hizi mwanafunzi wa bayoteknolojia hafaulu mtihani wa vitendo mpaka jeni ya mwili wake, aliyoipandikiza mwenyewe kwenye hamira maabarani, ilelewe kwao muhula mzima. Ya dada yangu Mwanamkuu ililetwa ndani ya kopo. Mama akaifunika khanga yake mpya, akawa anailisha sukari kabla hajanikumbuka mimi na chai.

"Mwamkie dada yako," aliniambia.

Nikaliamkia kopo shikamoo. Likaitikia kwa povu, lina adabu kunishinda.

Likizo ilipofika, dada mwenyewe akaingia na begi, akiita, "Mama, nimerudi!"

"Taratibu jamani," Mama akanong'ona. "Mwanamkuu kalala."

Dada akalitazama kopo kwa kijicho kilekile changu.

"Sogea tukae," nikamwambia. "Utazoea."