Asubuhi Moja Kiwandani

"Ifute hiyo," mume wangu Shomari aliniambia huku akikata vitunguu. "Kazi ya asubuhi moja itakuchafulia wasifu."

Siku hizi ukiifuta kazi kwenye wasifu, inafutika na kichwani, huikumbuki tena. Lakini asubuhi ile, pale kwenye kiwanda cha samaki, bosi aliponiinulia mkono nilimwambia mbele ya wote, "Thubutu!" Nikavua aproni nikaondoka. Mimi, niliyekuwa sijawahi kumjibu mtu!

"Siifuti ng'o," nikasema, nikaiandika juu kabisa.

Shomari akamimina vitunguu sufuriani, akacheka. "Mbona mimi nilifuta yangu na sijapungukiwa kitu?"

"Ulifuta kazi gani?"

"Ile ya... ile ya wapi vile?" Machozi yakaanza kumtoka, na hapakuwa tena na kitunguu cha kusingizia.