Mkunjo wa Bibi

“Bibi, mkunjo ndio huu?” Nikaimba mwisho wa ubeti huku nikiikunja sauti. Bibi akakunja uso kama aliyelamba ndimu.

“Ukiendelea hivyo kuku watahama mtaa,” kiongozi wa kikundi chetu cha uimbaji akanicheka.

Kikundi chetu huimba nyimbo za kale kama zilivyoimbwa zamani. Majina ya mapambo yote ya sauti tunayo, ila anayelijua hili la mkunjo lenyewe amebaki Bibi tu, na kiharusi kimemnyang’anya sauti.

Bibi akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Basi akanishika kiganja, akakigonga kwa vidole vikavu, taratibu, kisha haraka, kidole kimoja kikateleza hadi kwenye mshipa.

Mapigo niliyapata yote. Sauti, sikupata hata moja.

“Nimeushika, Bibi.”

Akatabasamu kwa upande mmoja, akaniachia mkono.