Taa ya Wageni

Mtoto alikuwa akiharisha tangu juzi, na sindano ya nne ya dripu ilikosa mshipa. Nesi Sikudhani akaenda kwenye kabati la metroni, ilikofungiwa taa ya kuonyesha mishipa. Mwaka wa tatu huo, ilitolewa wageni wakija kupiga picha tu.

Akavunja kioo cha kabati kwa kiatu.

"We mwanamke! Hiyo ni ya wageni!" metroni alifoka kutoka mlangoni.

"Basi mgeni wako huyu hapa, metroni. Ana miezi saba tu duniani."

Akaumulika mkono ule mdogo. Mwanga wa kijani ukatanda, mishipa ikajichora myeusi.

Metroni alikuwa ameshampigia simu daktari mkuu.

"Mwambie aje mbio," Sikudhani alisema bila kugeuka. "Aje anishikie taa, nina mikono miwili tu."

Mama mtoto akainuka, akaishika yeye. Sindano ya tano ikaingia, tone la damu likachungulia kwenye mrija.