Mtihani wa Kiboko

Tegeni masikio, enyi wapendwa mliokusanyika. Nyani, mtahini wa wanyama wavushao abiria mtoni, alimtahini Kiboko nchi kavu, asije akalowa.

"Mto una kingo ngapi?"

"Mbili, mheshimiwa."

"Umefaulu. Shika cheti."

Kesho yake Nyani akampandisha mama yake mgonjwa mgongoni mwa Kiboko, naye akapanda. Katikati ya mto Kiboko akaanza kuzama.

"Wafanyaje, nawe una abiria?"

"Jua likinichoma hupiga mbizi, mheshimiwa. Hukuniuliza."

Mama, maji yakimfika kidevuni, akafoka, "Mwanangu, mpumbavu gani alimpa huyu cheti?"

"Ni mimi, mama! Kiboko, turehemu!"

Kiboko akawahurumia, akaibuka.

Ewe mtahini, tubu leo! Ingia majini, ukampime kila mvushaji kabla hajampakia mama wa mtu.